Maji Yangu Yaliingia, Miguu Yangu Ikabaki Nje

Juzi nilifunua turubai lililofunika kitalu cha mama mmoja aliyeniita nimtazamie miche yake, kwenye barabara ya kwenda Masako, na harufu ikanipanda puani kabla sijaona kitu. Ni harufu ya shina changa linapooza: unyevu, ukungu, kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Miche ya nyanya ilikuwa imelala chini na majani yake bado mabichi. Yule mama alishika kiuno, akaniambia bila hata kushusha sauti, "Iko binti yangu alipita humu mu siku zake. Ni yeye aliharibu." Binti mwenyewe alisimama nje ya ua, akichezea pindo la kikwembe, kile kitenge alichojifunga, macho chini. Nikapandwa na hasira, na haikuwa hasira ya siku ile. Ilikuwa ya zamani, imekaa ndani yangu tangu nilipokuwa na umri wa yule binti.

Ninyi wanawake mnaolingana nami umri mnajua ninachotaka kusema. Tuliambiwa tusiguse unga wa mama unaopikwa, tusipande mti wa limau, tusikanyage karanga, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Tukatii, kwa sababu mtoto akiambiwa mwili wake ni hatari huanza kwa kuamini. Mimi pia niliamini, lakini si kwa muda mrefu.

Sisi ni watu wa Maniema tuliohamia Kisangani, na shamba lililotulisha halikuwa letu. Lilikuwa la Tante Zaina, dada mkubwa wa papa, mjane aliyeachiwa na mumewe kipande cha ardhi pembezoni mwa uwanja wa zamani wa ndege, Simi-Simi, pale ardhi inapoinama kuelekea mtoni. Papa alikuwa karani wa serikali, maana yake alikuwa na kazi, na shati lililopigwa pasi, na mshahara uliokuja ulipopenda. Sahani zetu zilijaa kwa mchicha wa lenga-lenga, matembele, bilinganya, na zaidi ya yote nyanya. Mama alilima pale pamoja na Tante, wakagawana mavuno, na kila mtu alijua mwenye neno la mwisho ni nani.

Mimi nilipenda kitalu, ambacho sote tulikiita pepinieri, kuliko sehemu nyingine yoyote ya shamba. Kilikuwa ndani ya ua wake mdogo wa mianzi, na mlango uliofungwa kwa kamba. Nilipenda ile asubuhi ambapo udongo unapasuka nywele nywele na vichwa vya miche vinatoka vikiwa vimekunjika, vimebeba ganda la mbegu. Nilipenda harufu ya majani ya nyanya, inayobaki vidoleni hata baada ya kunawa, na ile rangi ya kijani inayotia kucha uchafu. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya kucha zile. Sikuzikata.

Tante alikuwa na elimu yake ya miche, na aliitoa kama hotuba kila msimu. "Miche ni batoto bachanga," alituambia. "Mutoto muchanga anatokaka inje mbele kitovu haijaanguka? Hapana. Basi, funika." Kwetu mtoto mchanga hukaa ndani, mbali na jua na macho ya watu, anaogeshwa asubuhi na jioni. Tante akafanya hivyo hivyo kwa nyanya. Alitandaza matawi ya mchikichi juu ya kitalu, safu juu ya safu, mpaka humo ndani pakawa na giza la magharibi. Maji asubuhi, maji jioni. Mbegu alizimwaga kwa kiganja kizima, zikabanana, kwa kuwa batoto, alisema, banapendaka kulala pamoja. Hakuna aliyembishia. Tante Zaina alikuwa mkarimu, mcheshi na mkali, na ukibishana naye ulijikuta umeshakubali kabla hujafunga mdomo.

Nilivunja ungo msimu ule. Siku yenyewe nilikuwa nimebeba arozwari, lile kopo la kumwagilia lenye mdomo wa matundu, nikapita katikati ya pande mbili za kitalu, kwenye kijia kilichonyooka toka mlangoni hadi nyuma tulikoweka samadi. Sikujua kitu. Jioni mama aliiona nguo yangu, akanipeleka bafuni, akanifundisha la kufanya kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimezoea kuisikia kwake. Tante alipata habari kabla ya kesho, maana Tante alipata kila habari. Akanishika mabega. "Sasa weye ni mwanamuke," aliniambia, na alifurahi kweli, akanipa kikwembe kipya. Halafu akaongeza, "Ukiwa mu mwezi, hapana kukanyaga mu pepinieri. Bibi yangu alinikataza, na miye ninakukataza." Kisha akanitazama vizuri. "Na leo ulipitia wapi?"

Nikamwonyesha kile kijia.

Siku chache baadaye miche ilianza kuanguka. Haikunyauka kama mche wenye kiu, kuanzia juu. Ilisimama vizuri jioni, na asubuhi ikawa imelala, majani mabichi kabisa, kana kwamba mtu amepita na uzi akaikata usawa wa udongo. Nilipouokota mmoja, shina lilikuwa limenywea pale chini, jembamba, la kahawia, limelowa. Nilipovuta mzizi, ngozi yake ilibaki kwenye udongo, nami nikabaki na uzi mweupe mkononi. Na ile harufu ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipokosea kusoma dunia. Niliamini harufu ile ni yangu. Mtoto wa kike aliyeonyeshwa namna ya kufua vitambaa vyake na kuvianika mahali pasipoonekana, anapokutana na harufu ya kitambaa kibichi shambani, atadhani nini? Nilidhani imenitoka nikiwa napita, ikaingia ardhini, ikaishika miche shingo. Nilikuwa naoga mtoni mpaka midomo inatetemeka, nikajisugua kwa mchanga, nikanusa mikono yangu, na bado niliisikia. Darasani nilikaa mwisho kabisa. Usiniambie hayo ni mambo madogo ya kitoto. Nilikuwa naona haya kwa kuwa na ngozi.

Tante hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya mama na wanawake wa mashamba ya jirani, "Aziza alipita humo." Lisemwalo lipo, wakajibu wale wanawake, wakatikisa vichwa. Kuanzia siku ile sikukatazwa siku zangu tu, nilikatazwa siku zote, mpaka shamba lipoe. Lakini nani angeteka maji? Kijito kilikuwa mbali kidogo na mama alikuwa na mgongo mbovu. Basi ikapangwa hivi: niteke maji, nilete ndoo mpaka mlangoni, Tante aipokee juu ya ua. Maji yangu yaliingia, miguu yangu ikabaki nje. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, na hapo kitu cha kwanza kilianza kuniwasha.

Nikateka kuliko zamani. Tante alipoona miche imelala, alisema ina kiu, akaniagiza ndoo nyingine. Alipoona mingine imelala, aliongeza tawi jingine la mchikichi, jua lisiichome. Alifanya yote kwa mapenzi, hilo silikatai. Aliinama pale na mgongo wake wa uzee, akainyanyua miche iliyokufa na kuisimamisha kwa vidole. Haikusimama. Akang'oa yote, akamwaga mbegu nyingine kwenye udongo uleule, akafunika, na mimi nikaleta maji.

Mbegu za pili ziliota vibaya, na zilizoota zikalala. Miguu yangu haikuwa imekanyaga humo hata mara moja. Nilingoja mtu aseme hivyo, na hakuna aliyesema, basi nikasema mimi, nikiwa nje ya mlango na ndoo kichwani: "Tante, safari hii sikuingia."

Alinijibu bila kugeuka. "Uchafu ulibaki mu udongo."

Miaka mingi baadaye nimekuja kujua kwamba katika sentensi ile alisema kweli nusu. Kitu kilibaki kwenye udongo, kweli. Ni kuvu, aina ya ukungu usioonekana, unaokaa ardhini na kungoja maji, giza na msongamano, na ukivipata unakula shina changa pale pale linapotoka. Ukipanda tena mahali pale pale bila kubadili kitu, unauandalia meza. Lakini Tante hakusema kuvu. Alisema uchafu, na wote tulijua uchafu ni nani.

Kisha ikaja siku niliyomkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya shamba, jembe lake limeegemezwa kwenye ua kwa nje. Tante ndiye aliyelitoa. Akufukuzaye hakwambii toka. Mama akaniambia tu kwamba Tante anataka kupumzisha watu wote wa nyumba yetu, mpaka msimu ujao au mwingine. Usiku papa alikula wali mtupu, akatazama ukuta. "Iko shamba yake," akasema. "Tutafanya je?" Nikaelewa kwamba tumepoteza mboga, na mama amepoteza mahali pake, na yote yamewekwa kichwani kwangu kama ile ndoo. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ilinifaa kuliko kule kujisugua mtoni.

Kesho yake nilikwenda kwenye ua wa mianzi, nikaweka jicho kwenye upenyo. Sikwenda kuomba msamaha, nilikwenda kutazama. Tante alikuwa ameondoa matawi ili ang'oe mizoga ya miche, na kwa mara ya kwanza niliona kitalu kizima kwa wakati mmoja. Palipokufa palikuwa na umbo la viduara. Kimoja kikubwa chini ya ncha za matawi, pale maji yanapodondoka usiku kucha. Kingine kwenye kona iliyoinama, pale maji ya arozwari yanapotuama. Kingine kilikuwa kinaanza katikati ya upande mmoja, palipobanana zaidi, na juu ya udongo wake kulikuwa na nyuzi nyeupe, utando mwembamba. Kandokando ya kile kijia nilichopita, miche iliyobaki ilikuwa imesimama. Huko ukingoni ndiko ilikoachana, na ndiko hewa ilikopita.

Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anatwanga ndizi za lituma, chakula chetu cha ndizi zilizopondwa. Nikachukua kijiti, nikachora chini kitalu, nikachora mstari, nikachora viduara. "Mimi nilipita hivi," nikamwambia. "Inakufa hivi. Kama ni miye niliua, juu ya nini haikufa mahali nilipita?"

Mama aliacha mchi. Aliinama juu ya mchoro wangu muda mrefu, na mimi nikaogopa ataufuta kwa mguu. Badala yake akasema, "Ni maji." Akarudia polepole, kama mtu anayekumbuka jina. "Ni maji, na kufunika." Halafu akanitazama. "Mi nilijua si weye. Lakini nilikosa namna ya kusema." Nilimpenda mama yangu sana wakati ule, na nilimkasirikia vilevile, kwa sababu alikuwa amejua.

Alikuwa na mbegu kidogo alizozifunga kwenye pindo la kikwembe, akanipa. Ardhi tulipewa na Mama Botamba, mwanamke wa Isangi aliyelima jirani na Tante na kukausha samaki wa mumewe kwenye mteremko mkavu. Alikuwa na maneno yake. "Kwetu ku mto tuko na mikatazo yetu mingi," alisema, "lakini hii ya tomati sijasikiaka. Chukua pale nilichoma moto." Palikuwa na mchanga, majivu, na udongo ulioungua kwa moto wa samaki, na maji hayakutuama hapo hata ukitaka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo nililofanya kwa makusudi. Mbegu nilikuwa nazo, nikangoja. Nilingoja mpaka mwezi wangu ukaja, na siku ulipokuja nikavua viatu, nikaingia kwenye kitalu changu, nikapanda. Nilizipanda mojamoja, mbalimbali, kwa sababu zilikuwa chache na sikutaka kupoteza hata moja. Nilisimika matawi machache yenye mianya, jua likapita na upepo ukapita. Maji nilitia asubuhi tu, kabla ya shule, ili mpaka jioni uso wa udongo uwe umekauka. Kila siku ya mwezi wangu nilikanyaga humo. Wanawake wa jirani waliona. Nilitaka waone.

Zikaota. Kwenye kona moja, pale Mama Botamba alipozoea kumwaga maji ya kuoshea sufuria, miche kadhaa ikalala. Nilisikia ile harufu, na kwa muda mfupi nikanusa mikono yangu kama zamani. Kisha nikapiga magoti, nikatazama: shina la kahawia, limenywea, pale pale penye maji ya sufuria. Nikaichimba ile iliyolala pamoja na udongo wake na ile ya kando yake, nikaitupa mbali, wala si kwenye lundo la samadi. Nikachimba mfereji mdogo. Nikaacha kumwagilia kona ile mpaka ikakauka. Ugonjwa ukaishia pale. Iliyobaki ikanenepa shina, fupi, ngumu, ikiwa na ile rangi ya zambarau ya mche wenye afya.

Ndivyo nilivyomwambia na yule mama wa barabara ya Masako juzi. Nilimwambia ainue kitalu juu ya ardhi ya kawaida, apunguze kivuli, apande kwa nafasi, ahame pale alipopandia mara zote. Mche uliokwisha kulala haunyanyuki, wa kuokoa ni jirani yake. Binti yake nilimwita aingie, nikampa mche uliooza mkononi, na wenye afya kwenye mkono mwingine, nikamwambia anuse vyote. Mama mtu alikunja uso. Nilimwacha aukunje.

Lakini nimalizie kwa Tante. Miche yake ya mara ya tatu ilikufa kama ile ya mara mbili za kwanza, na msimu ulikuwa unapita. Matuta yake makubwa yalikuwa tayari, yamelimwa, yana samadi, hayana kitu. Asubuhi moja nilipokuwa namwagilia nikaona kivuli chake kwenye mteremko. Alikuwa amekuja peke yake. Mama alikuwa pale akisaidia Mama Botamba kugeuza samaki, akasimama, akaacha mikono yake ikinuka moshi.

Tante alitazama miche yangu. Aligusa shina moja kwa kidole, akalibonyeza. "Iko nguvu," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake: "Aziza, unipatie. Nitatuma mutu achukue."

"Nitakupa yote, Tante," nikamjibu. "Lakini mutu wa kutuma hapana. Ni miye nitang'oa, ni miye nitabeba, ni miye nitapanda, pamoja na mama na jembe yake. Na itakuwa leo." Nikaweka arozwari chini. "Na leo niko mu mwezi. Na siku nilipanda hizi mbegu, nilikuwa mu mwezi vilevile."

Mama Botamba akakohoa. Tante alifunga macho. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba akinipiga sitarudi nyuma. "Hata sala," akasema, "hata sala hatusali siku hizo."

"Sala ni ya Mungu," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu wifi yake. "Juu ya tomati, Mungu hakusema kitu."

Tante aligeuka, akateremka. Sisi tukang'oa miche, kila mmoja na udongo wake, tukaipanga kwenye beseni, tukamfuata kwa sababu hatukujua la kufanya jingine. Tulipofika alikuwa amesimama mlangoni mwa shamba. Akanitazama miguu, wala si uso. Nilikuwa sina viatu. Mle nyuma yake, niliona, matawi yote ya mchikichi yalikuwa yameondolewa na kutupwa nje ya ua, kitalu kitupu kikipigwa na jua.

Akasogea pembeni, mwili wake wote, mlango ukabaki wazi. "Ingia," akasema. "Jua litaunguza hii miche."

Nikaingia. Niliyapita matuta yote, hata yale nisiyokuwa na kazi nayo.

Hakuniomba msamaha siku ile wala siku yoyote, na mimi sikumpa bure kile ambacho hakuomba. Tulipanda bega kwa bega, naye alinionyesha namna ya kukandamiza udongo kuzunguka mzizi, maana alijua mengi, na nilijifunza kwake mpaka alipofariki. Lakini nyanya ziliiva. Ile ya kwanza niliichuma mimi, nikampelekea kwenye sahani, pamoja na kisu na chumvi. Mama alikuwepo, papa pia, na wanawake wa jirani waliokuja kusalimia. Tante aliitazama muda. Akaikata vipande vinne, akatia chumvi, akaanza kula. Wengine walizungumza habari nyingine. Mimi nilikaa mbele yake, nikamtazama, mpaka akameza kipande cha mwisho.